Vitufe vichache hadi Dar es Salaam

Miaka ya 2000, Mtanzania wa Houston aliyempigia mama yake kwa kadi ya simu alikuwa na kazi ya vidole. Namba ya kampuni ya kadi ilikuwa tarakimu 11. Mashine ikipokea, iliomba namba ya siri, mara nyingi tarakimu 10. Ndipo zikafuata 011 ya kutokea Marekani, 255 ya Tanzania, na tarakimu 9 za mama. Jumla 36. Ukikosea moja tu, mara nyingi unaanza upya.

Simu isiyo na waya ya pale sebuleni ilikuwa na dawa, ila wengi waliitumia vibaya: walijaribu kuzijaza tarakimu zote katika nafasi moja ya kumbukumbu. Hazienei, kwa kuwa nafasi moja ilibeba 20 au 32 hivi, kutegemea aina ya simu. Hata zingeenea, simu ingezimwaga zote kwa mkupuo wakati mashine ya kadi bado inatoa salamu. Maana kumbukumbu haifanyi zaidi ya kutoa milio: kila kitufe kina milio miwili inayolia pamoja (5 ni hezi 770 na 1336), nayo hupita kwenye laini kama sauti ya mtu. Mashine isiposikiliza wakati huo, milio imepotea bure. Kuna kitufe cha kusitisha kidogo katikati ya namba, lakini hicho kinafaa swichibodi ya ofisini, ambako unabonyeza 9, unasubiri kidogo, unapata laini ya nje. Mashine ya kadi haina muda maalumu.

Kwa hiyo namba zigawanywe: ya kampuni nafasi ya 4, ya siri nafasi ya 5, ya mama nafasi ya 6. Laini ikishafunguka, unaita kila nafasi kwa zamu yake, na sikio lako ndilo linaloamua lini. (Nyumba yenye wageni wengi, namba ya siri ibaki kichwani. Salio halina mlinzi.)

Hapo ndipo hedifoni inapoingia, na wengi huiona pambo. Simu ikiwa sikioni, huwezi kubonyeza bila kuishusha, na ukiishusha hulisikii agizo. Ukichomeka hedifoni, swichi iliyo ndani ya tundu hukata spika na maiki za simu yenyewe. Sasa unasikia huku unabonyeza. Tundu lenyewe ni la milimita 2.5, hivyo plagi ya kawaida ya muziki, ya milimita 3.5, haiingii. Adapta itakupa sauti ya mama, lakini yeye hatakusikia: hedifoni ya muziki haina maiki, na ya simu imeshanyamazishwa.

Simu ikining'inia mkandani, kidole hutafuta kinundu kilicho juu ya 5. Jirani zake wa kushoto na kulia ni 4 na 6.