Mizani ya Wanaongoja: Kwaya ya Nachingwea Mbele ya Arudhi

Niliwahi kuandika, kwa ujasiri wa ujana, kwamba nyimbo za kwaya za bara si ushairi bali ni mahubiri yaliyopigiwa kinanda. Kipimo changu kilikuwa *Sheria za Kutunga Mashairi* cha Kaluta Amri Abedi, cha mwaka 1954: mizani 8 ukwapi, 8 utao, na vina mahali pake. Kisha nikarejea Nachingwea, mji nilikokulia kabla ya kuvuka maji, nikajiunga na kwaya niliyoiacha nikiwa mtoto wa sauti ya kwanza. Safari hii nilipangwa mstari wa nyuma, sauti ya nne. Nimetoka huko na deni, nami nalilipa hapa, ingawa si lote.

Msomaji wa visiwani asidhani habari hii haimhusu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakafanya makazi Masasi, jirani na Nachingwea. Nachingwea yenyewe ilikuzwa na mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951. Karanga zilishindwa, reli ya kwenda Mtwara ikafungwa 1962, watu wakabaki: Wamwera, Wamakua, Wayao, Wamakonde, wakiimba pamoja kwa lugha iliyotoka kwetu pwani.

Kosa nililolisema zamani lipo, ila nililitafuta pasipo pake. Nilihesabu silabi, kumbe ilinipasa kusikiliza mkazo. Mkazo wa Kiswahili aghalabu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali lahani nyingi za Kiingereza na Kijerumani humaliza mstari kwa pigo zito. Mfasiri wa tenzi, akiisha kujaza silabi zake sawasawa, hulitua neno "salama" juu ya "ma", na sikio likashtuka. Sisi tunaoitofautisha barabara ya kupita na barabara ya kusifu kazi njema, twajua kuwa mkazo ukihama, maana nayo huhama. Hapo hesabu imetimia na shairi limekufa.

Jawabu nililipata Ruangwa, tulikokwenda kuimba msibani. Hapakuwa na kinanda wala karatasi ya sol-fa. Mama mmoja alianzisha, sisi tukapokea. Mishororo yake haikulingana hata kidogo. Mmoja ulirefuka mpaka nikadhani amepotea. Lakini kiitikio chetu hakikubadilika, nacho kilimngoja. Alipokuwa na mengi ya kumwambia marehemu aliyabana, alipokuwa na machache aliyavuta, na kila neno likabaki na mkazo wake. Mizani ilikaa katika pumzi ya wanaongoja. Niliingia mapema mara mbili. Mzee wa upande wangu akanigusa kwa kiwiko: "Mwanangu, usihesabu. Msikilize mama yako."

Padri Stephen Mbunga alikwisha kuutetea muziki wa wenyeji katika kitabu chake cha 1963 juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipoupa nafasi katika ibada. Sikumsoma kwa wakati, na hilo ni sehemu ya deni.

Nisilolifuta ni hukumu yangu juu ya tungo mpya zinazotungwa kwa ajili ya video. Ngoma ya kinanda cha umeme haimngoji mtu. Mwanzishaji hana pa kurefusha wala pa kufupisha, basi hujaza nafasi kwa maneno yaliyozoeleka, na beti 4 husema jambo la ubeti 1. Hayo hata wanakwaya wenzangu huyakiri, wakiwa njiani kurudi nyumbani.

Kabla sijaondoka, mwalimu wa kwaya alinipa maneno ya wimbo wa yule mama yakiwa yameandikwa kwa mkono. Walitaka kuurekodi, nami, kwa kuwa ni mtu wa vitabu, niisawazishe mishororo ipate kuingia kwenye mapigo ya kinanda. Nilikaa na karatasi siku 3. Nilijua kuifanya kazi ile. Ndiyo kazi niliyoisomea. Nikairudisha kama nilivyoipokea. Mwalimu aliitazama, akaikunja, akaitia mfukoni bila neno, na jioni ile tulifanya mazoezi ya wimbo mwingine.