Hongereni, Wanawake wa Picha za Habari

Tunawapongeza wanawake wanaopiga picha za habari, na zaidi tunakipongeza kinachowasukuma: kukataa watu wateseke bila kuonekana. Camille Lepage, Mfaransa, alihamia Juba, Sudan Kusini, mwaka 2012, kisha akaenda Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwa kuwa vita vya huko vilikuwa havipewi uzito na vyombo vya habari. Aliuawa huko Mei 2014, akiwa na miaka 26. Tarehe 4 Aprili mwaka huohuo, Mjerumani Anja Niedringhaus wa shirika la habari la AP aliuawa kwa risasi Khost, Afghanistan, alipokuwa akifuatilia maandalizi ya uchaguzi. Mwaka 2005 alikuwamo katika timu ya AP iliyotwaa Tuzo ya Pulitzer kwa picha za Iraq.

Mchango wao si ujasiri peke yake. Penye mila ya kuwatenganisha wanaume na wanawake, mpigapicha wa kike huingia vyumba ambavyo mwenzake wa kiume haruhusiwi, akatuonyesha maisha ya akina mama na mabinti ambao habari huwasahau.

Wahariri, wapeni dada hawa kazi nzito, malipo ya haki, bima na vifaa vya kujikinga. Wanastahili.