Karatasi Inayojisemea

Matangazo ya kazi serikalini Tanzania hudai mwombaji aambatishe maelezo binafsi yanayojitosheleza, pamoja na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Neno hilo, "yanayojitosheleza", limewaponza vijana wengi. Wakiliona tu, wanajaza kurasa sita. Mimi maana yake nilikuja kuielewa kwenye benchi la steshenari moja Mwenge, nikisubiri kutoa kopi huku nikimtazama dada anayechapa sivii za watu.

Kijana alimletea ya kwake kwenye flashi. Dada aliisoma yote bila kugusa kibodi. Kwenye uzoefu palikuwa na mstari mmoja: "Muuza duka, 2021 hadi 2023."

"Mdogo wangu, ukifungua duka asubuhi ulikuwa unaanza na nini?"

"Nahesabu mzigo, dada. Naandika kwenye daftari."

"Ukipungua, nani anaagiza?"

"Mimi."

"Na hela ya jioni?"

"Nafunga hesabu, naipeleka kwa wakala wa benki."

Mstari mmoja ukazaa mitatu: kuhesabu mali kila asubuhi na kuweka kumbukumbu, kuagiza bidhaa kwa wauzaji wa jumla, kufunga hesabu za mauzo kila jioni na kupeleka fedha kwa wakala wa benki. Kijana alikuwa anaomba kazi ya ghala, kwa hiyo kuhesabu mali kukatangulia. Hakuna kilichotiwa chumvi. Yote aliyafanya mwenyewe miaka miwili mfululizo, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hiyo ndiyo kazi.

Kisha dada akaanza kupunguza, na hapo ndipo nilipomvulia kofia. Shule ya msingi, iliyokuwa imekaa kileleni, ikashushwa chini. Kazi ya karibuni ikapanda juu. "Mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma" akayafuta yote matatu. Kijana akashtuka.

"Haya kila mtu anaandika," dada akamwambia. "Uaminifu wako uko hapa, kwenye hela ya jioni."

Alipofika kwa wadhamini, akamuuliza kama amewaarifu. Kimya. Akamtoa nje akawapigie. Kijana alirudi na habari kwamba mmoja hapatikani tena kwa namba ile. Akatafutwa mwingine, naye akaombwa ridhaa kwanza ndipo jina lake likachapwa.

Nimeona mafundi wengi wanaosifiwa, wa milango, wa nguo, wa dhahabu. Huyu namweka kati yao. Malighafi yake ni maisha ya mtu, na mtu mwenyewe huja ameyadharau. Fundi huyauliza taratibu mpaka yaseme, kisha anakata kila neno lisilobeba kitu.

Printa ikatoa kurasa mbili. Dada hakumkabidhi mwenyewe. Alinipa mimi, nisiyemjua kijana wala kwao. Nilipopitisha macho kidogo tu, akaichukua na kuilaza kifudifudi mezani.

"Kaka, huyu anaweza kazi gani?"

"Kutunza mali," nikasema. "Na fedha za watu anaaminiwa nazo."

Dada akaitikia kwa kichwa, akaitia sivii kwenye bahasha. Huko iendako kijana hatakuwepo kuifafanua. Itasomwa na mgeni, katikati ya rundo, na lazima itoshe yenyewe.