Msomaji wa Kurasa za Nyuma

Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018. Wakala wa forodha wa hapo, mwenye ofisi Kenya na Uganda, hutaka programu moja ya hesabu kwa pande zote mbili. Hapo ndipo mwanasheria wa kampuni anapostahili pongezi zake.

Meneja hubofya "Nakubali" na kuendelea na kazi. Mwanasheria husoma. Kwenye kurasa za nyuma za mkataba anakuta leseni ni ya Kenya peke yake. Karani aliye ng'ambo, mwendo wa dakika chache kwa bodaboda, akifungua kompyuta tu mkataba umevunjwa. Anapiga mstari, anaandika "Kenya na Uganda", anaurudisha kwa muuzaji. Kisha anauliza taarifa za wateja zitahifadhiwa wapi, maana nchi zote mbili zilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, na kila moja ina masharti yake kuhusu kuzipeleka nje.

Wenzake humwita mchelewesha kazi. Na wamwite! Ni nani mwingine angegundua kwamba mkataba unajihuisha wenyewe kila mwaka, au kwamba kesi lazima ikasikilizwe California?

Kipengele kinachomtoa jasho hasa ni cha fidia: muuzaji hawajibiki zaidi ya ada ya mwaka mmoja, hata mfumo ukizimika na malori ya mteja yakalala Malaba, wilayani Tororo, siku tatu. Anadai kiwango kipandishwe. Mara nyingi hapati chote alichoomba, lakini harudi mikono mitupu.