Kuijenga Pweto kwa vitanzi vitatu

Luanti, jukwaa la bure la michezo ya matofali lililoanzishwa na Mfini Perttu Ahola mwaka 2010 kwa jina la Minetest, humruhusu mchezaji kutunga dunia yake kwa lugha ya Lua. Tuseme dunia hiyo ni Pweto, mji ulio ufukoni kaskazini mwa Ziwa Mweru, pale Mto Luvua unapotoka ziwani kwenda kukutana na Lualaba huko Ankoro. Kazi hii humfichua haraka aliyekariri kitanzi cha for bila kukielewa.

Kwanza kipimo. Dunia ya Luanti ina upana wa matofali 62,000 hivi, na ziwa peke yake lina urefu wa kilometa 131, kwa hiyo tofali la meta moja halifai. Tofali moja na liwe meta 30, kwa sababu vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kwa rada na chombo cha anga Endeavour mnamo Februari 2000 vina nukta moja kila meta 30 hivi. Shida ni kwamba sehemu ya ziwa yenye kina kirefu kabisa ina meta 27 tu. Kina chake chote hakijazi hata tofali moja! Wavuvi watatusamehe: tutaweka tabaka moja la maji, basi.

Luanti hujenga dunia vipande vipande, kila kipande matofali 80 kwa 80 kwa 80, yaani 512,000. Vitanzi vitatu vinatosha, kimoja ndani ya kingine: z (kusini-kaskazini) cha nje, y (chini-juu) katikati, x (magharibi-mashariki) ndani kabisa. Mpangilio huu una sababu. Matofali huhifadhiwa katika orodha moja ndefu, na majirani wa upande wa x hufuatana humo. Ukifika mwanzo wa safu, unatafuta nafasi yake mara moja, kisha ndani ya x unaongeza 1 tu kila hatua. Safu ikiisha unatafuta upya, kwani orodha ina pia matofali ya pembezoni mwa kipande, nawe utayavamia ukiendelea kuhesabu tu.

Kosa la gharama ni kuweka hesabu ya mwinuko katika kitanzi cha ndani. Mwinuko hautegemei y. Ukiuhesabu humo utarudia jibu lilelile mara 80 kwa kila nguzo. Tanguliza vitanzi viwili, z na x, vijaze jedwali la nguzo 6,400, halafu vile vitatu vilisome tu. Hapa ndipo mchezo unapoacha kukwama kila mchezaji anaposogea, na kwangu mimi hatua hii ina faida kuliko ujanja mwingine wote wa kubana msimbo.

Mwelekeo nao una mtego. Faili la mwinuko la Pweto, S09E028, lina safu 3,601 zinazoanzia kaskazini kwenda kusini, ilhali z ya Luanti huongezeka kuelekea kaskazini. Ukilisoma faili kwa mfuatano wake, kitanzi lazima kirudi nyuma, kutoka z ya kaskazini kabisa (juu) hadi ya kusini kabisa (chini):

for z = juu, chini, -1 do

Ukisahau ile -1, Lua hailalamiki. Mwanzo ukiwa mkubwa kuliko mwisho na hatua ikiwa 1, kitanzi hakizunguki hata mara moja, na jedwali linabaki tupu. Ukilirekebisha kwa kubadilisha nafasi za juu na chini, ramani inapinduka: Pweto inahamia ufuko wa kusini, na Luvua inatokea upande ambao Luapula huingilia.

Limebaki jambo la nukta zilizokosa kipimo. Katika data ghafi, rada iliposhindwa kusoma paliandikwa -32768. Msimbo unaolinganisha y na mwinuko utaona kila tofali la nguzo hiyo liko juu ya ardhi, utaacha hewa tupu, na mchezaji atatumbukia kwenye shimo lenye kuta wima. Dawa iwekwe katika vile vitanzi viwili vya mwanzo: nukta ikiwa -32768, chukua mwinuko wa jirani aliyekwisha kusomwa.