Vyombo Vidogo vya Nchi Kavu

Tarime inajulikana kwa milima, ng'ombe, ndizi na kahawa, na ukitaja habari za meli utaelekezwa Musoma au Shirati. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kuunda vyombo vidogo vya mfano vya mbao kunafaa huku juu kama kunavyofaa ufukweni. Meli kubwa za Ziwa Victoria zenyewe zilipita nchi kavu kabla ya kuona maji. Meli ya William Mackinnon ilitoka Uskoti ikiwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kushushwa ziwani mwaka 1900. MV Victoria nayo ikaja kwa njia hiyo hiyo na kuanza safari mwaka 1961. Kwa hiyo kuiwazia meli ikiwa rundo la vipande mezani si jambo geni kwa ziwa letu. Ndivyo zilivyotufikia.

Chombo ninachokipenda kuliko vyote ni Lady Alice. Kiliundwa Uingereza mwaka 1874 kwa safari ya Henry Morton Stanley: urefu futi 40, upana futi 6, kina inchi 30, mbao za mwerezi zisizofika unene wa sentimita moja, na mwili mzima unaogawanyika sehemu tano. Wapagazi walikibeba kutoka Bagamoyo Novemba 1874, na Machi 1875 kikaingia majini Kagehyi, kusini mwa ziwa. Kutoka hapo kikafuata ufuko wa mashariki na kupita mbele ya nchi ambayo leo ni Mkoa wa Mara. Vitabu vimemsifu Stanley vya kutosha. Mimi nawastahi waliobeba. Mbao nyembamba kiasi kile zilipita porini zaidi ya miezi mitatu, katika mvua, maradhi na vita, na zilipounganishwa tena zikaelea.

Ukikipunguza chombo hicho mara 20 unapata urefu wa sentimita 61. Kila sehemu inakuwa sentimita 12 na kidogo, upana wa chombo sentimita 9. Mbao za ubavuni zinatakiwa kushuka hadi nusu milimita, na hapo ndipo mtu hupimwa. Randa haiwezi kufika huko bila kuchana ubao. Unaanza na ukanda wa mgrivea, mti ambao umejaa mashambani kwetu na ambao mafundi huupasua kwa bei ya kawaida, kisha unaukwangua kwa kipande cha kioo kilichovunjwa vizuri. Mgrivea una madoa yanayong'aa kwenye ubao uliopasuliwa kuelekea kiini. Yapendeza kwa kabati, lakini kwa chombo kidogo madoa hayo huonekana makubwa mno. Mimi huchagua vipande vilivyopasuliwa upande wa pili, ambako nyuzi zimetulia.

Anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani mbao zote za ubavuni zina upana mmoja. Hazina. Mzingo wa chombo tumboni ni mkubwa kuliko wa omo, yaani mbele, na tezi, yaani nyuma, ilhali idadi ya mbao haibadiliki, kwa hiyo kila ubao sharti uwe mpana katikati na uchongoke kuelekea miisho. Unachukua utepe wa karatasi, unaulaza juu ya taruma, yaani ubavu wa ndani, la katikati kutoka mkuku, ule mti mkuu wa chini, hadi ukingoni, unatia alama. Unarudia kwa kila taruma. Ukitaka mbao nane kila ubavu, unagawa kila kipimo kwa nane. Sentimita 6.4 za tumboni zinakupa ubao wa milimita 8. Sentimita 4 za karibu na omo zinakupa milimita 5. Tofauti ni milimita 3 tu, nayo ndiyo inayoufanya mstari wa ubao upande kwa ulaini hadi mbele. Anayeipuuza atafika ubao wa nne na kukuta mbao zinapanda juu omoni, na hakuna msasa wala rangi itakayoficha jambo hilo.

Kisha kukunja. Ukanda unalowekwa kwenye maji ya moto, halafu unapitishwa juu ya kipande cha bomba kilichopashwa makaa. Mkono wa kushoto unashika, wa kulia unasukuma kidogo na kuachia, unasukuma na kuachia. Kuna wakati ubao unakataa, na kuna wakati unalegea ghafla chini ya vidole, na huo ndio wa kuuwahi. Ukisukuma mapema, nyuzi za upande wa nje zinaachana moja moja. Ubao uliokubali unabanwa kwenye mataruma kwa vibanio vya nguo na kuachwa hadi kesho yake. Gundi hutiwa ukishakauka, maana ubao mbichi husinyaa na kuacha nafasi. Nawapenda sana watu wanaoweza kuishia hapo kwa siku moja, wakafunika kazi, wakaenda kulala.

Mafundi wa pwani hawahitaji utepe wa karatasi. Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, jahazi huundwa bila mchoro: fundi husimama nyuma ya tezi, akafumba jicho moja, akamwambia mwenzake apunguze kwa tezo mahali fulani. Hesabu yote ninayoifanya kwa penseli anayo machoni, na ameirithi kwa kukaa miaka mingi karibu na mtu aliyekuwa nayo. Ninapoitazama milimita yangu 3 huwa najua kuna mwenye kuiona kutoka hatua kumi.

Kwa mafundi hao hao wa pwani ndipo unapoonekana umuhimu wa chombo kidogo. Mtepe, jahazi la kushonwa la visiwa vya Wabajuni, lililobeba boriti za mikoko kwa tanga la mkeka, lilitoweka baharini katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Mbao zake ziliunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila misumari. Chombo cha namna hiyo kikioza hakiachi hata chuma cha kuokota. Mwaka 2003 mafundi waliunda tena mtepe mkubwa katika ua wa Beit al-Ajaib, Zanzibar, na wakati huo hapakuwa na mtepe wowote majini wa kuutazama. Zilikuwapo picha, maandishi, na mitepe midogo iliyotunzwa kwenye makumbusho. Picha hukuonyesha chombo kwa nje tu. Mtepe mdogo unaweza kuugeuza, ukachungulia ndani, ukaona kamba inavyoingia tundu moja na kutokea jingine.

Huku kwetu mikono ya kazi hii ipo. Anayechonga litungu, ile ala kubwa ya Wakurya ya nyuzi nane, anajua kutoboa gogo hadi libaki na ukuta mwembamba bila kupasuka, na anajua ngozi mbichi itavuta kiasi gani ikikauka. Mchonga mizinga wa upande wa Mugumu anajua mti upi huliwa na wadudu. Watu hao wakishika kisu kidogo na ubao wa mgrivea, hawaanzi kujifunza mti. Wanajifunza majina ya omo na tezi, na hayo ni ya wiki moja.

Jambo ambalo bado naona halipewi haki yake ni kamba. Waundaji wengi huweka uzi wa cherehani, ukaonekana ni uzi wa cherehani. Kwenye kingo za mashamba ya Mara mkonge umepandwa kama uzio. Jani moja likipondwa na kukwanguliwa hutoa nyuzi za kutosha chombo kizima. Nyuzi tatu nyembamba husokotwa kila moja kulia, kisha zote tatu pamoja kushoto, zikabana zenyewe bila fundo. Ya demani iwe nene kidogo, kwa kuwa ndiyo inayolivuta tanga upepo ukizidi. Ya kufungia tanga kwenye foromali, ule mti unaolishika tanga, iwe nyembamba na ifungwe kwa nafasi zilizo sawa. Kamba iliyosokotwa hivyo huning'inia kwa uzito wake wenyewe.