Mkomazi: Hadithi Inaanzia Wapi?

Ukisoma habari za Mkomazi, tazama maneno kabla ya picha. Ng'ombe akivuka mpaka wa hifadhi, mwenyewe anaitwa mvamizi na anatozwa faini. Tembo akila mahindi ya mkulima wa Same, mkulima anaandikiwa kifuta jasho. Si fidia, ni kifuta jasho. Mwandishi wa habari huyachukua maneno hayo kama yalivyotoka ofisini na kuyachapa. Hapo tayari ameshaamua nani ana haki na nani anahurumiwa tu.

Tatizo la pili ni mwanzo wa hadithi. Ripoti nyingi huanzia 1989, Tony Fitzjohn alipofika, pori likiwa limechoka. Akachonga barabara, akapambana na majangili, akaleta faru weusi kutoka Afrika Kusini. Ndivyo anavyosimulia mwenyewe katika Born Wild, na tuseme ukweli, hadithi inanoga: shujaa yupo, nyika ipo, faru wapo kweli.

Sasa rudi nyuma mwaka mmojammoja tu. Mwaka 1988 wafugaji walikuwa wakiondolewa hapohapo, wakiwemo Waparakuyo ambao baadhi ya familia zao ziliruhusiwa kubaki pori la akiba lilipoanzishwa mwaka 1951. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1999 Mahakama ya Rufani haikuwarudishia ardhi. Dan Brockington aliyaandika haya katika Fortress Conservation mwaka 2002. Ukianzia hapo, lile pori tupu la 1989 halishangazi tena: utupu wake una historia.

Simwambii mtu achague kitabu kimoja akichome kingine. Faru ni kweli na waliohamishwa ni kweli. Lakini vitabu vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili pale Same stendi anategemea gazeti, na gazeti likimpa nusu ya hadithi, ndiyo hadithi nzima aliyonayo. Mkomazi ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Kuna vijana sasa hawajawahi kuijua kwa sura nyingine.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, ukitoka lango la Zange na picha zako za faru, shika njia ya Kisiwani. Tafuta mzee mmoja umuulize nani alikuwa akichunga huko ndani, na wameenda wapi. Jibu lake liweke aya ya kwanza, siyo ya mwisho ambayo mhariri ataikata.